Ukikamatwa Texas Umelewa Kwenye Usukani, Una Siku 15

Dereva anayekamatwa Texas kwa kuendesha gari akiwa amelewa hukabiliwa na mashauri mawili, na wengi hulijua moja tu. Shauri la jinai husubiri mahakama. Shauri la leseni halisubiri mtu.

Anayekataa kupimwa, au anayepuliza kipima ulevi akafikia 0.08, hunyang'anywa leseni usiku uleule na kukabidhiwa karatasi, ambayo ni taarifa ya kusimamishwa kwa leseni na pia kibali cha muda cha kuendesha. Kesho yake hutoka rumande na usingizi na aibu, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na stakabadhi ya dhamana, akangoja barua ya mahakama. Kumbe ana siku 15 tu, tangu alipopokea taarifa ile, za kuomba shauri la leseni lisikilizwe. Zikipita, leseni husimamishwa kuanzia siku ya 40: kwa siku 90 aliyezidi kipimo, na siku 180 aliyekataa kupimwa, ikiwa ni mara yake ya kwanza. Nawasihi muisome karatasi hiyo, au msomewe na anayejua Kiingereza, siku ileile.

Upande wa jinai, kosa la kwanza lina kifungo cha saa 72 hadi siku 180 na faini isiyozidi dola 2,000. Kipimo kikifika 0.15, kifungo chaweza kufika mwaka mmoja na faini dola 4,000. Akiwemo garini mtoto wa chini ya miaka 15, kosa huwa jinai nzito, hata likiwa la kwanza. Tangu Septemba 1, 2019, anayetiwa hatiani huongezewa dola 3,000, au 6,000 kwa kipimo cha 0.15, isipokuwa mahakama ikiridhika kwamba hana uwezo. Wala "nilikunywa bia mbili tu" si kinga, kwani sheria humhesabu mlevi pia yeyote ambaye kilevi au dawa, hata ya daktari, imempotezea utimamu wake wa kawaida wa akili au mwili.

Kwa asiye raia, yapo mengine. Mwaka 2019 Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliamua kwamba aliyetiwa hatiani mara mbili au zaidi, ndani ya kipindi ambacho mwenendo wake unachunguzwa, huchukuliwa kuwa hana mwenendo mwema, unaotakiwa kwa mfano anapoomba uraia, mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo mweleze wakili wako hali yako ya uhamiaji kabla hujakiri kosa, hata ukiahidiwa kwamba ukikiri utarudi nyumbani leo.