Utelezi wa plastiki majini si matope

Chupa iliyokaa majini siku kadhaa, pale Ruzizi inapotoka katika Ziwa Kivu hapa Bukavu, ambako taka za mitaro yetu hurundikana mbele ya bwawa la umeme, huteleza mkononi, na wengi hudhani ni matope. Kwa kweli, sehemu kubwa ya utelezi huo ni utando wa vijidudu hai, na ndivyo ilivyo kwa plastiki inayoelea baharini, ambako jambo hili limechunguzwa zaidi.

Mara plastiki inapoingia majini, protini na sukari zilizoyeyuka humo hunata juu yake. Katika saa chache bakteria huja kushika hapo na kuanza kutoa ute unaowagandisha ili mkondo usiwachukue. Hufuata mwani mdogo, kisha viumbe wanaowala bakteria, na baharini hatimaye wanyama wenye magamba. Mwaka 2013 Erik Zettler, Tracy Mincer na Linda Amaral-Zettler walichapisha uchunguzi wa plastiki za Atlantiki ya Kaskazini, wakaonyesha kwamba jamii ya vijidudu iliyo juu yake ni tofauti na ile ya maji yanayoizunguka. Kipande kimojawapo kilijaa bakteria wa kundi la Vibrio, ambalo ndilo lenye kijidudu kinacholeta kolera, ingawa wengi wa kundi hilo hawamdhuru mtu.

Utando huo hubadilisha pia safari ya taka. Polietilini, yaani plastiki ya mifuko na bidoni, ni nyepesi kuliko maji, lakini ikishavikwa viumbe huzama. Huko chini, mwanga ukikosekana, mwani hufa na kuliwa, na kipande kinaweza kupanda tena. Kwa hiyo taka zinazoonekana juu ya maji si kipimo cha zilizomo.

Mara nyingi tunaulizwa kama vijidudu hivyo haviwezi kutumalizia plastiki. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walimtangaza bakteria aitwaye Ideonella sakaiensis, anayeimeng'enya plastiki ya chupa za maji, lakini alipatikana nchi kavu, na katika maabara yenye joto la nyuzi 30 alihitaji wiki sita hivi kumaliza kipande chembamba tu. Walio wengi katika utando hawaili plastiki, ni wapangaji tu juu yake.

Utando wa namna hiyo hujengeka pia ndani ya bidoni tunazochotea maji, na hapo ndipo unapotugusa kwa karibu. Klorini humalizwa na ute kabla ya kuwafikia bakteria waliojificha chini yake, ndiyo maana kuitia katika bidoni inayoteleza hakutoshi. Inafaa kwanza kutia maji kidogo, sabuni na mchanga safi wa chembe kubwa, kutikisa kwa nguvu mpaka kuta za ndani ziache kuteleza, kusuuza vizuri, na baada ya hapo ndipo klorini itiwe.