Ron Carter na kazi ya mpiga besi

Waliowahi kuketi mbele ya kikundi cha taarabu asilia Unguja wanaijua ile besi kubwa ya nyuzi nne, inayopigwa mtu akiwa amesimama. Mimi ni mpiga besi, na mwanafunzi akiniuliza ala hii inaweza kumfikisha mtu wapi, humweleza habari za Ron Carter, mpiga besi wa jazi.

Carter alizaliwa Michigan, Marekani, mwaka 1937, na alianza na selo, ala ya nyuzi kama fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, akiwa na miaka 10. Alihamia besi mwaka 1954, alipoona kwamba nafasi za kupiga selo zilikuwa zikienda kwa wenzake Wazungu. Alihitimu chuo cha muziki cha Eastman mwaka 1959 akilenga okestra, lakini amesimulia kwamba Leopold Stokowski, aliyekuwa mwongozaji wa okestra ya Houston wakati huo, alimwambia kuwa huko hawakuwa tayari kumpokea mtu mweusi. Jazi ikampata kwa njia hiyo, nami huona uchungu kuieleza kama bahati njema.

Selo ilimwachia sikio kali, kwa kuwa shingo ya besi haina vile vyuma vinavyogawa noti kwenye gitaa, na kidole kikikosea kidogo tu noti nzima hupinda. Ufundi huo ulionekana wazi katika kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis, alilolitumikia kuanzia 1963 hadi 1968 pamoja na Herbie Hancock kwenye piano na Tony Williams, kijana wa miaka 17 alipojiunga, kwenye ngoma. Katika jazi mpiga besi hutembea, yaani hupiga noti moja kwa kila pigo, na kwa kawaida huanza kila kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, kwa noti yake ya msingi. Carter mara nyingi hakuanza na noti hiyo. Piano ikishika noti za C, E na G, na besi ikapiga C, tunasikia kodi ya C meja; besi ikishuka hadi A, noti zilezile hugeuka kuwa kodi nyingine, A maina yenye saba, bila mpiga piano kusogeza hata kidole. Hancock alilazimika kusikiliza, kisha kujibu.

Alipoacha safari za kundi hilo alijikita katika studio za New York. Kufikia mwaka 2015, kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kilikuwa kimemhesabia rekodi za muziki 2,221 alizopigia besi, nyingi mno zikiwa na jina la mtu mwingine kwenye jalada.