Sokwe wa Gombe hawamo

Kila nikirudi Ujiji likizo, baba mdogo ana swali lake: "Hao sokwe wetu ndio mnaowadunga saratani?" Wapi! Sokwe wa Gombe wanatazamwa porini kwao tangu 1960, alipofika mtafiti Jane Goodall. Saratani ya kongosho inavyopenya neva, yaani mishipa ya fahamu, huchunguzwa kwa panya wa maabara.

Jibu hilo huzaa ubishi mpya, maana uvimbe wenyewe mara nyingi hupandikizwa mguuni. Watu hucheka: kongosho na mguu wapi na wapi? Lakini kongosho la panya ni laini, limetandaa ovyo, na neva zake ni nyembamba kuliko uzi. Kwa hiyo hutafutwa neva nene, ile ishukayo toka kiunoni hadi mguuni. Seli za saratani hudungwa upande wake wa chini, nazo hutambaa humo kupanda kuelekea uti wa mgongo. Kupima neva imeharibika kiasi gani hakuhitaji mashine. Panya mwenye afya akiinuliwa kwa mkia hutawanya vidole vya miguu ya nyuma. Neva ikishaharibiwa, vidole hukunjamana, na akishushwa huburuza mguu.

Wanaocheka wana haki kidogo, mguuni hakuna kongosho. Ndiyo maana wapo pia panya waitwao KPC, wanaojulikana tangu 2005: jeni za Kras na p53, zinazoongoza ukuaji wa seli, zimebadilishwa ndani ya kongosho lao, saratani ikaota humohumo. Ila hao wanataka subira ya miezi, na kila mmoja huugua kwa wakati wake.

Wengine hudhani neva ni waya tu, saratani inaupitia kwa bahati. La. Neva hutoa protini iitwayo GDNF, na seli za saratani zenye kipokezi cha RET, yaani protini ya kuinasa, huifuata kama dagaa wafuatavyo karabai usiku ziwani.

Halafu kuna pilipili. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kwamba panya wachanga waliodungwa kapsaisini, ile inayowasha, walikufa neva za hisia, na saratani ya kongosho ikachelewa kuota. Nilimweleza baba mdogo tukiwa mezani: walidungwa sindano wakiwa vichanga, kusudi neva zife, wala si habari ya kula. Alitikisa kichwa kwamba ameelewa, huku bakuli la pilipili ameshalivuta upande wake.