Je, wajua kwa nini kipoza cha maji cha kompyuta huishiwa maji bila kuvuja?

Mtu akisikia kuwa ndani ya kompyuta kuna maji ya kupoza prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote, hofu ya kwanza ni kuvuja: yatamwagikia mazabodi (ubao mkuu wa saketi), itapiga shoti, mashine imekwisha. Ndiyo maana wenye studio za video na wacheza gemu, Mtwara mjini hata Lindi, hukikagua kipoza kwa kupapasa unyevu, na wakikuta pakavu huridhika. Lakini vipoza vilivyofungwa kiwandani huvuja kwa nadra. Vingi hufa vikiwa vikavu kabisa kwa nje: pampu imechoka, vijia vya maji vimeziba kwa uchafu, au maji yamepungua. Hilo la mwisho ndilo la ajabu, maana hakuna tundu.

Muundo wenyewe ni mfupi: bamba la shaba juu ya prosesa, pampu, mipira miwili ya kupitishia maji, na rejeta ya alumini yenye feni. Ndani mna maji yaliyochanganywa na glaikoli na dawa ya kuzuia kutu.

Siri iko kwenye mipira. Egesha baiskeli wiki kadhaa bila kuipanda, utakuta tairi limelegea. Zamisha tyubu kwenye beseni, huoni povu hata moja. Hakuna pancha, upepo umejipenyeza katikati ya chembe za mpira wenyewe, kila mahali kwa wakati mmoja, polepole mno kuonekana. Mipira ya kipoza hupitisha mvuke wa maji vivyo hivyo. Ila tairi utalipiga pampu upya, na vipoza vingi vya aina hii havina mahali pa kuongezea maji.

Wapo wanaosema hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo maji hayatoki. Hesabu inakataa. Chukua chumba cha Mtwara chenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, na maji ya kipoza yakiwa nyuzi 45. Kadiri msukumo wa mvuke wa ndani unavyouzidi wa nje, ndivyo maji yanavyotoka haraka. Hapa, kwa kipimo cha kilopaskali, ndani ni takriban 9.6, nje 3.4, tofauti ni 6.2. Katika chumba cha nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50, maji yakiwa nyuzi 35, ndani ni 5.6 na nje 1.2; tofauti ni 4.4. Joto limeushinda unyevu. Hesabu hii ni ya maji matupu. Glaikoli huteremsha namba kiasi, lakini haigeuzi matokeo.

Maji yakipungua, hewa hushika nafasi yake na kupanda sehemu ya juu kabisa. Kama pampu ndiyo iko juu, inameza hewa: husikika ikikwaruza au kububujika, na beringi zake, zinazolainishwa na maji yaleyale, huanza kulika. Kwa hiyo funga rejeta kwenye paa la kasha. Ukiifunga mbele, kichwa chake kiwe juu kuliko pampu, na mipira itokee chini.

Kabla ya kudai dhamana, ondoa visingizio. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows, uone kama pampu inasoma mizunguko, na kama tundu la mazabodi inakochomekwa limewekwa asilimia 100. Ondoa bamba juu ya prosesa: nailoni ya kinga ilibanduliwa? Paka pesti mpya ya kupitisha joto, kaza skrubu kwa mshazari. Kisha ibebeshe prosesa kazi nzito kwa dakika 10 na ushike mipira yote miwili. Mmoja ukiwa moto na mwingine wa baridi, huku prosesa ikikimbilia nyuzi 95 au 100 na kujipunguza kasi, maji hayazunguki. Rekodi video yenye joto, mizunguko ya pampu na sauti. Hiyo ndiyo hoja yako. Usisubiri tone lianguke.

Vipoza vingi vya Kraken vya kampuni ya NZXT, na Liquid Freezer III vya kampuni ya Arctic, vina dhamana ya miaka 6, lakini risiti ya EFD huchapwa kwenye karatasi ya joto na maandishi yake hufifia. Ipige picha siku ileile, pamoja na namba ya utambulisho ya kifaa (serial number). Usikifungue kipoza kuchungulia maji, maana watengenezaji wengi hufuta dhamana kwa hilo, isipokuwa wao wenyewe wakuelekeze: mwaka 2022 Arctic ilikiri kasoro ya gasketi kwenye baadhi ya Liquid Freezer II, ikawapa wateja vifaa vya kubadilisha bure.

Muulize muuzaji kabla ya kulipa: nani anabeba nauli ya mzigo kwenda na kurudi Dar es Salaam, na ni yeye anayepokea dai au ni mtengenezaji? Jibu aliandike kwenye ankara. Tunza boksi na sponji zake, na usitupe kipoza cha feni kilichokuja na prosesa, kama kilikuwemo. Kipoza cha maji kikiwa safarini, hicho ndicho kitakachoiwasha mashine, mradi upunguze kikomo cha umeme wa prosesa kwenye BIOS.