Felix Nussbaum: mchoraji aliyeogopa harufu ya rangi zake

Ukisimama mbele ya picha hii, yeye ndiye anayekutazama wewe. Mwanamume amebanwa kwenye pembe ya ukuta mrefu, kola ya koti kaipandisha, macho kayageuza upande kama mtu aliyesimamishwa njiani na askari. Kwenye koti kuna nyota ya manjano, alama ambayo Wanazi waliwalazimisha Wayahudi kuivaa. Mkononi ameshika kitambulisho kilichogongwa muhuri mwekundu, neno “Myahudi” kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Hivyo ndivyo Felix Nussbaum alivyojichora mwaka 1943, mafichoni Brussels, Ubelgiji.

Wageni wa makumbusho hupenda kutuuliza sisi wahifadhi picha ina thamani ya shilingi ngapi. Kwa picha za mkimbizi mimi huwarudishia swali jingine: ilichorewa wapi, na nani aliificha?

Nussbaum alizaliwa Osnabrück, Ujerumani, tarehe 11 Desemba 1904, mtoto wa mfanyabiashara wa vyuma. Alisomea uchoraji Hamburg na Berlin, akaanza kupata jina, na mwaka 1932 akapewa nafasi ya kukaa na kuchora Roma kwa gharama ya serikali. Akiwa huko, studio yake ya Berlin ikaungua na picha nyingi zikateketea. Wiki chache baadaye, Januari 1933, Hitler, kiongozi wa Wanazi waliowachukia Wayahudi, akashika madaraka. Kwa hiyo Nussbaum hakufunga mizigo siku moja akakimbia. Ukimbizi ulimkuta tayari yuko safarini. Wazazi wake walimfuata Italia, lakini wakashindwa kukaa mbali na kwao, wakarudi Ujerumani.

Mwaka 1935 yeye na mwenzake Felka Platek, mchoraji kutoka Warsaw, waliingia Ostend, Ubelgiji, kwa kibali cha utalii. Kibali kiliongezwa miezi michache, kisha tena michache. Walioana Brussels mwaka 1937.

Anayetaka kujua maisha hayo yalikuwaje aitazame “Mkimbizi”, picha ya mwaka 1939. Chumba kitupu, meza ndefu kupita kiasi, na juu yake tufe la dunia. Pembeni mtu ameinama, kichwa mikononi, fimbo na kifurushi karibu naye. Dunia nzima ipo mezani, na hana pa kwenda.

Wajerumani walipoivamia Ubelgiji tarehe 10 Mei 1940, Wabelgiji walimkamata Nussbaum kwa sababu ni Mjerumani, yaani adui, ingawa Wajerumani wenyewe walikuwa wakiwatesa Wayahudi kama yeye. Alipelekwa kambi ya Saint-Cyprien, kusini mwa Ufaransa, kwenye mchanga wa pwani. Aliponyoka akiwa Bordeaux, akarudi kwa Felka. Kuanzia 1942 wakaishi kwa kujificha.

Hapa ndipo harufu inapoingia. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo iliyoanikwa. Mafuta ya kitani yaliyomo hunyonya oksijeni ya hewani na kuganda polepole, kwa siku au hata wiki. Tapentaini, inayotumika kuzimua rangi na kuoshea brashi, hunuka kuliko vyote: hushuka ngazi na kupenya chini ya mlango mpaka jirani ajiulize ni nani anachora humo. Nyumba walimolala ilikuwa na wapangaji wengine. Nussbaum akapata chumba cha chini katika nyumba ya mtaa mwingine, akafanya kazi huko. Kila alipotoka kwenda kuchora aliweza kukamatwa barabarani, naye alikwenda.

Picha zilizokamilika aliziweka kwa marafiki, akiwemo daktari wa meno. Maneno yake kwao yanakumbukwa hivi: mimi nikiangamia, msiache picha zangu zife.

Katika picha yake kubwa ya mwisho, mifupa ya watu inapiga muziki juu ya kifusi cha kila alichokithamini binadamu. Humo amechora karatasi ya kalenda yenye tarehe 18 Aprili 1944. Tarehe 20 Juni yeye na Felka walikamatwa. Tarehe 31 Julai walipakiwa katika treni ya mwisho iliyotoka kambi ya Mechelen, Ubelgiji, kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, wakauawa. Brussels ilikombolewa mwanzoni mwa Septemba. Wazazi wake na kaka yake nao waliangamia katika kambi za Wanazi.

Picha zilikaa miaka mingi bila kuonekana. Jamaa waliosalia walizidai hadi mahakamani, na mwaka 1971 Osnabrück ikazionyesha. Tangu 1998 mji huo una jumba lililojengwa kwa ajili yake, kazi ya msanifu Daniel Libeskind, lenye ujia mwembamba wa zege tupu ambamo mtazamaji hana nafasi ya kurudi nyuma akaiona picha kwa mbali. Kazi zake zilizomo zinapita 200.

Za Felka ni chache sana. Nazo zimo humo humo, karibu na za mumewe, na wageni wengi huzipita bila kusoma jina.