Mkaa ukiungua hauishi

Wanafunzi wengi husema mkaa ukiungua "unaisha", kwa kuwa jiko zima huacha majivu kidogo tu. Si kweli. Tazama jiko la mkaanga sato pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza: kaboni ya mkaa inaungana na oksijeni ya hewani na kuwa kabonidayoksaidi, gesi isiyoonekana. Gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni na kutoa gramu 44 za gesi. Yaani gesi iliyopaa ina tungamo kubwa kuliko kaboni iliyoungua! Kuungua huko ni mmenyuko wa muungano: vitu viwili vinaungana kuwa kimoja. (Hewa ikiwa haba hutoka kabonimonoksaidi, sumu inayoua, jamani, msilale na jiko ndani.) Jiwe la chokaa likichomwa hufanya kinyume: hutengana, likatoa kabonidayoksaidi ileile. Na majivu? Ni madini yasiyoungua.