Mtoto Aliyechepushwa Hakuachiliwa

Kwenye mabaraza ya machifu hapa Mombasa, iwe Kisauni au Likoni, swali huwa lile lile, na huulizwa kwa hasira. "Bwana afisa, huyu mtoto alikamatwa Jumatatu. Alhamisi namwona maskani na wenzake. Sheria iko wapi?"

Hasira hiyo naielewa. Mtu aliyewahi kuzingirwa kichochoroni na vijana wenye mapanga hana subira ya kuhubiriwa haki za mtoto. Lakini katika kazi yangu ya probesheni nimeona kwamba wengi wanaouliza swali hili wanachanganya mambo matatu yasiyohusiana, na mkanganyiko huo unatuharibia kazi ambayo ingewalinda wao wenyewe.

La kwanza ni bondi, yaani dhamana. Mtoto akitoka kwa bondi, kesi yake bado ipo na tarehe ya kurudi mahakamani ipo. La pili ni probesheni, ambayo huja mwishoni: mahakama imesikiliza ushahidi au mtoto amekiri, kisha ikaamuru akae nyumbani chini ya uangalizi wetu. La tatu ndilo ninaloliandikia leo, uchepushaji. Hapa kesi hutolewa kwenye mkondo wa mahakama kabla ya hukumu na kuelekezwa kwenye mpango maalumu wenye masharti, muda na msimamizi. Nimeyaeleza haya mwezi baada ya mwezi, na bado naambiwa "mlimwachilia". Hatukumwachilia.

Sheria ya Watoto ya 2022 ndiyo iliyoupa uchepushaji nafasi iliyo wazi nchini Kenya. Sheria hiyo hiyo ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na mtoto wa chini ya miaka 14 huchukuliwa kwamba hajui kutofautisha jema na baya mpaka mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Katiba nayo, katika kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila iwe ndiyo njia ya mwisho iliyobaki, azuiliwe kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atengwe na watu wazima.

Utaratibu wenyewe ni huu. Polisi wakimkamata mtoto, wanapaswa kumjulisha mzazi au mlezi pamoja na afisa wa watoto. Faili hufika kwa mwendesha mashtaka, naye huangalia kwanza kama ushahidi unatosha kumshtaki. Hapa ndipo watu wengi hushangaa, kwa sababu ushahidi usipotosha hakuna uchepushaji. Mtoto ambaye hakuna ushahidi dhidi yake anarudi nyumbani, hapewi adhabu ya kichinichini. Ukitosha, mtoto huulizwa kama anakubali kosa kwa hiari yake, akijua kwamba ana haki ya kunyamaza. Wazazi, mimi nimewahi kumkuta mama akimfinya mwanawe mkono chini ya meza ili akubali upesi waende nyumbani. Kukubali kwa namna hiyo hakufai, na mkutano ule tuliuahirisha. Baada ya hapo hufanywa tathmini ya nyumbani, shuleni na mtaani, mlalamishi husikilizwa, na makubaliano huandikwa na kutiwa sahihi.

Masharti hutegemea mtoto na kosa. Kuna onyo rasmi, kuomba radhi kwa mdomo au kwa maandishi, kuhudhuria shule bila kukosa, kuripoti kwa afisa siku maalumu, ushauri nasaha, kuwa nyumbani na familia saa fulani, kurudisha kilichoibwa au kulipa fidia, na kazi ya jamii isiyo na malipo. Masharti yakivunjwa bila sababu ya maana, faili hurudi kwa mwendesha mashtaka na mtoto anaweza kushtakiwa kwa kosa lile lile. Halikufutwa. Na hakuna ada ya kuchepushiwa kesi. Fidia ni ya aliyekosewa. Ukiambiwa na yeyote utoe kitu kidogo ili mwanao "aingizwe kwenye programu", usitoe, ripoti.

Sasa swali lenyewe: je, mtoto huyu harudi kwenye kosa?

Wengine hurudi. Lakini waliochepushwa hurudi wachache kuliko waliopelekwa mahakamani. Mwaka 2010 mtafiti Anthony Petrosino na wenzake walikusanya majaribio 29 yaliyohusu vijana 7,304, mengi yakiwa ya Marekani, ambamo vijana waligawanywa kwa bahati nasibu: hawa waende mahakamani, wale wachepushwe au waachwe. Kupelekwa mahakamani hakukupunguza makosa. Kwa wastani, kuliyaongeza. Mwaka 2013 watafiti Holly Wilson na Robert Hoge wa Kanada walipima programu 73. Kati ya vijana 100 waliochepushwa, takriban 31 walirudia kosa, na kati ya 100 waliopitia njia ya kawaida walirudia takriban 41. Uchambuzi wa mwaka 2018 kuhusu uchepushaji unaoanzia kwa polisi ulionyesha faida ndogo zaidi: pale ambapo wangerudia 50, waliochepushwa walirudia kama 44.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba uchepushaji unatibu kila mtoto. Tofauti ni ya watoto sita hadi kumi katika kila mia. Lakini mtoto mmoja asiporudi kwenye kosa, kuna simu ambayo haikukwapuliwa na mkono ambao haukukatwa, na familia mbili zimelala salama.

Tena takwimu za kupendeza zisitulevye sisi maafisa. Afrika Kusini, shirika la NICRO lilianza kuchepusha kesi za watoto mwaka 1992, na ufuatiliaji wake ulionyesha kwamba chini ya 7 kati ya 100 walirudia kosa ndani ya mwaka wa kwanza. Ni jambo la kutia moyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nao, na kila afisa anajua jinsi ilivyo rahisi kuchagua watoto wapole kwanza. Ukimchepusha mtoto ambaye hata angeachwa hivi hivi asingerudia, umejipatia namba nzuri tu. Ndiyo maana nayaamini zaidi yale majaribio ya bahati nasibu, ingawa faida yake inaonekana ndogo.

Kwa nini mahakama humzidishia mtoto tatizo? Mtoto aliyeiba kuku akiwekwa rumande ya watoto akingoja kesi, hulala kitanda cha pili kutoka kwa aliyebobea kufungua makufuli. Muhula unampita. Akirudi mtaani ana jina jipya, na mzazi wa mwenzake haruhusu tena watoto wacheze pamoja, basi wanaobaki kumpokea ni wale wa maskani tu. Akikua na rekodi, kuna cheti cha tabia njema kinachomngoja, kwa mwajiri wa hapa na hata kwa ajenti wa kazi za Ghuba. Aliyechepushwa hana hukumu, kwa sababu hakuna mahakama iliyomtia hatiani.

Nina ombi moja kwa wazazi, nalo nalisema kwa uchungu. Msiniletee mtoto mkaniambia, "Mtieni ndani wiki moja tu aone cha mtema kuni." Marekani walijaribu jambo linalokaribiana na hilo kuanzia miaka ya 1970, wakiwapeleka vijana kutembelea gereza ili watishwe na wafungwa wa maisha. Majaribio tisa yalipokuja kupimwa kwa pamoja, waliotishwa walitenda makosa mengi kuliko wenzao ambao hawakupelekwa popote. Ninyi mnasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wa seli una walimu wake, na hamtalipenda somo wanalolifundisha.

Nitasimulia shauri moja, bila kutaja jina wala mtaa. Kijana wa miaka 15 alikwapua simu ya mama muuza viazi karai, akaiuza kwa shilingi 1,500. Tulikaa watu sita kwenye benchi mbili. Kijana alianza kuongea kama aliyekariri, kwamba anaomba msamaha na hatarudia. Yule mama akamkatiza kwa upole. "Mwanangu, unajua ndani ya simu ile mlikuwa na nini? Pesa za chama chetu cha kuweka akiba. Mimi ndiye mweka hazina. Siku nne wenzangu walinitazama kama mimi ndiye mwizi."

Kijana akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Sikujua, mama." Na kweli hakujua. Kwake simu ilikuwa kitu cha kuuzwa. Mbele ya hakimu, mama yule angejibu maswali ya ushahidi, na kijana angekaa kimya kama alivyoshauriwa. Neno lile la chama lisingemfikia.

Simu ilithaminiwa shilingi 6,000. Mjomba wake, fundi baiskeli, alitoa 2,000 siku ile ile, na 4,000 zilizobaki kijana akawa analipa 250 kila wiki kwa kumsaidia mjomba kazi nyepesi Jumamosi. Zikawa wiki kumi na sita. Kila Jumatatu baada ya shule alikuja kutia sahihi kwenye daftari langu. Jumatatu ya tatu hakuja. Nilikwenda kwao, nikamkuta analea wadogo zake wawili kwa sababu mama yake alikuwa kazini na jirani aliyezoea kuwaangalia alikuwa amesafiri. Tulihamisha siku ya kuripoti ikawa Jumatano. Malipo ya mwisho alimpelekea mama wa viazi mwenyewe, mkononi.

Mwingine, wa umri ule ule, hakumaliza hata mwezi. Mkutano wa kwanza baba yake hakuja, wa pili hakuja, wa tatu akamtuma binamu. Kijana alisimamishwa shule na hakuna mtu mzima aliyetwambia. Faili lilirudi kwa mwendesha mashtaka kama sheria inavyotaka. Mara nyingi mpango hufia hapo, kwa watu wazima, kabla mtoto hajaharibu lolote.

Kuna mipaka, nayo isemwe wazi. Kijana aliyemkata mtu panga hawekwi kapu moja na aliyeiba madafu. Kosa zito na mwenendo wa kurudia huhitaji usimamizi mzito, na kesi nyingine lazima ziende mahakamani, na nyingine huishia borstali ya Shimo la Tewa, kizuizi cha kuwarekebishia vijana. Wilson na Hoge walikuta kwamba kwa mtoto wa hatari ndogo onyo pekee lilitosha, na programu za usaidizi zilifaa zaidi wale wa hatari kubwa zaidi. Kumjazia mtoto wa kosa la kwanza vikao vya miezi sita pamoja na waliobobea ni kumtafutia marafiki wabaya kwa muhuri wa serikali. Hilo ni letu kulikwepa. Tena si kila ugomvi wa watoto ni faili. Ikiwa mpira umevunja dirisha na wazazi mmeshaelewana, yaishe hapo kwenu, msituletee.

Mlalamishi asiyekubali makubaliano ana haki ya kusema hivyo, na atasikilizwa kabla ya uamuzi. Akitaka kujua masharti aliyopewa mtoto aliyemkosea, aulize kwa afisa anayesimamia shauri lake, asiulize maskani. Na mzazi ukipewa wito wa saa tatu asubuhi, fika wewe mwenyewe saa tatu, uje na mtoto na barua ya shule, ili aliyeibiwa asikae kwenye benchi akikusubiri.